Matofali ya kufungamana, paneli au zege la kalibu: tujenge nyumba nafuu kwa njia ipi Uganda?

SACCO za madereva na mawakala wa forodha pale Malaba na Busia, vikundi vya wafanyabiashara wa Mutukula, ndugu waliorithi ardhi Kasese: siku hizi wengi wanauliza swali moja. Kiwanja kipo, akiba ipo kidogo, na kwenye simu wameona video ya nyumba iliyosimamishwa kwa siku chache. Sasa wanataka kujua kama waachane na tofali la kuchoma. Muuzaji wa paneli za povu na waya anawaahidi nafuu ya asilimia 30. Muuzaji wa mashine ya matofali naye anaahidi hiyo hiyo. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli, na bado kikundi kikachagua vibaya.

Nimeziweka njia tano pamoja na tofali la kuchoma, ambalo ndilo kipimo chetu sote. Lakini kabla ya kugusa ukuta, tuanze na mfuko.

Fedha yenu inaingiaje?

Njia za kiwandani zinauza muda kuliko kitu kingine chochote. Kuta zinazochukua wiki sita kwa fundi wa tofali zinasimama kwa wiki moja. Thamani ya muda huo inategemea nani analipa nini wakati ujenzi unaendelea.

Tuseme SACCO imekopa shilingi milioni 400 kwa nyumba 10, kwa riba ya asilimia 18, kiwango ambacho mkopaji wa kawaida Uganda anakifahamu vizuri. Hiyo ni milioni 72 kwa mwaka, yaani milioni 6 kila mwezi. Benki hutoa mkopo kwa awamu, kwa hiyo wakati wa ujenzi chukulia nusu yake. Mkifupisha kazi kwa miezi minne mmeokoa kati ya milioni 12 na milioni 24, na bado hatujahesabu kodi ambayo wanachama 10 wanaendelea kuilipa kwenye vyumba vya kupanga. Hapo kasi ni fedha halisi, na njia ya bei ya juu kidogo inaweza kuwa ndiyo ya bei nafuu.

Sasa chukua mwalimu au dereva anayejenga kwa mshahara. Mwaka huu msingi, mwakani kuta, mwaka wa tatu mabati, milango ikipatikana baadaye. Nyumba nyingi za Uganda zimejengwa hivi. Kwake miezi minne haina bei. Anachohitaji ni ukuta unaovumilia kusubiri. Povu la paneli likiachwa wazi juani linakuwa la njano na uso wake unageuka unga. Fremu ya chuma chepesi isiyovikwa mbao zake za simenti inaloa na kupindishwa na upepo. Tofali, likiwa limefunikwa juu, linamngojea mwenyewe.

Ndiyo maana mtu akiniuliza njia ipi ni bora, namuuliza kwanza kama amekopa.

Tofali la kuchoma, kipimo chetu

Linapatikana kila mahali, kila fundi analijua, na linauzwa kwa rundo, hata mtu wa kipato kidogo analimudu. Kasoro zake mbili zinajificha. Ya kwanza ni kuni: tanuru la kienyeji linakula miti mingi, na udongo wake mara nyingi unachimbwa kwenye vinamasi ambavyo ndivyo vinavyomeza maji ya mvua. Ya pili ni umbo. Tofali la mkono halina kipimo kimoja, kwa hiyo fundi anasawazisha kwa mchanga na simenti, na kiungo kinafika sentimita 2 au 3. Kisha ukuta unaomba plasta ndani na nje ili upendeze.

Nitumie nyumba moja kwa hesabu zote zinazofuata: mita 6 kwa 8, vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na choo. Kuta za nje zina urefu wa mita 28, za ndani tuseme 16, kimo mita 2.6. Ukitoa milango na madirisha zinabaki kama mita za mraba 100 za ukuta. Kwa tofali la kuchoma la upana mmoja, viungo vinakula kama mifuko 20 ya simenti, plasta ya pande mbili mingine 24 au 25. Jumla ni kama mifuko 45, bila msingi, ringi (mkanda wa zege juu ya kuta) wala sakafu.

Matofali ya kufungamana

Hii ndiyo njia ninayoipendelea kwa walio wengi, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndiyo inayoharibiwa sana kwa haraka.

Ni udongo wa chini ya ardhi uliochanganywa na simenti kidogo, ukakandamizwa kwenye mashine ya mkono, ukaachwa ukomae bila moto. Mashine hizi ni wajukuu wa CINVA-Ram, iliyobuniwa Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950. Zinazotumika sana Afrika Mashariki hutengenezwa na Makiga ya Nairobi. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere aliongeza tofali la mkunjo linaloweza kujenga tangi la maji la duara. Huko Jinja, shirika la Haileybury Youth Trust limefundisha vijana kazi hii kwa miaka mingi na limejenga nayo shule, majiko na matangi. Kwa kifupi, mafundi wapo na majengo ya kutazama yapo. Matofali haya mafundi huyaita ISSB, kifupi cha Kiingereza cha interlocking stabilised soil blocks.

Tofali la kawaida lina urefu wa milimita 265, upana 140 na kimo 100, na lina meno yanayoingia kwenye tofali la jirani. Mita moja ya mraba inakula matofali kama 38, kwa hiyo nyumba yetu inahitaji kama 3,800. Timu ya watu wanne au watano yenye mashine moja hutoa matofali 400 kwa siku bila kujiua, maana yake siku kumi za kukandamiza. Mfuko wa kilo 50 hutoa matofali 100 hadi 150. Tukishika 120, tunahitaji mifuko 32, na mingine 6 hivi ya viungo vyembamba. Jumla 38.

Soma namba hizo tena. 38 dhidi ya 45 si tofauti kubwa. Faida ya njia hii inakuja pale tu unapoacha ukuta wa nje bila plasta, ukaupiga vanishi au ukauacha na rangi yake ya udongo. Ukiupaka plasta pande zote mbili umerudi kwenye mifuko zaidi ya 60, na umejenga nyumba ghali kuliko ya tofali la kuchoma. Wapo wanaofanya hivyo kwa kuona haya kwamba majirani watasema nyumba ni ya udongo. Kabla kikundi hakijanunua mashine, zungumzeni hilo waziwazi, kina mama na wazee wakiwepo. Kama wanachama hawataki kuona tofali, njia hii haiwafai, na si dhambi.

Kitu cha pili ni udongo. Kipimo chake ni rahisi na hakuna sababu ya kukiruka. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60 ndani, upana 4 na kina 4. Kipake mafuta ndani ili udongo usinate. Chimba chini ya udongo mweusi wa juu, mpaka usione mizizi tena. Chekecha, lowesha, jaza kisanduku, shindilia kwenye kona kwa kijiti, sawazisha juu. Kiache kikauke, siku tatu juani au wiki nzima kivulini. Udongo ukikauka unajikunja na kuacha nafasi. Sukuma wote upande mmoja, kisha pima mwanya. Kanuni inayotumika sana na mashine za mkono ni hii: mwanya chini ya milimita 15, simenti ndoo moja kwa ndoo 18 za udongo; mwanya wa 15 hadi 30, moja kwa 16; wa 30 hadi 45, moja kwa 14; wa 45 hadi 60, moja kwa 12. Ukizidi 60, ongeza mchanga upime tena, au tafuta udongo kwingine. Udongo mweusi unaopasuka kiangazi, kama ule wa Karamoja, usiubembeleze.

Kuna pia mtego wa subira. Tofali likitoka kwenye mashine linaonekana limekwisha, kumbe linaanza. Lifunikwe kwa turubai la plastiki na kumwagiwa maji wiki ya kwanza, kisha likae kivulini mpaka siku 28 zitimie. Kikundi kinachotaka kuonyesha maendeleo kwa wageni kinajenga siku ya kumi, na mwaka unaofuata kona zinamomonyoka. Lawama inaangukia udongo, wakati kosa ni la kalenda.

Upande wa michoro, ukuta huu unataka kofia na viatu. Paa litoke nje kwa sentimita 60 au zaidi. Tofali la kwanza lisikae chini ya sentimita 30 kutoka ardhini, na hapo chini pawe na mawe au zege. Kuanzia Fort Portal hadi Kasese na Bundibugyo, pitisha nondo wima kwenye kona na ufunge ringi ya zege chini ya paa kila mahali, hata juu ya kuta za ndani. Tetemeko la Toro la tarehe 20 Machi 1966 liliua watu zaidi ya 100, na lile la Februari 1994 lilibomoa nyumba nyingi eneo hilo hilo. Kuta nzito zisizofungwa pamoja ndizo zinazoanguka.

Paneli za povu na waya

Ni lile povu jeupe linalokuja na televisheni ndani ya kasha, likiwa katikati ya nyavu mbili za waya wa chuma zilizochomelewa. Paneli husimamishwa, hufungwa kwa waya, kisha pande zote mbili hurushiwa mchanga na simenti kwa mashine. Teknolojia ilikomazwa Italia. Kwa jirani zetu, Shirika la Nyumba la Kenya lina kiwanda chake Mavoko, nje ya Nairobi, kwa hiyo kwa mtu wa Malaba au Busia paneli si kitu cha kutoka ng'ambo ya bahari.

Paneli ya mita 1.2 kwa 3 haifiki kilo 20 kabla ya plasta. Mtu mmoja anaibeba kichwani kupanda kilima ambacho lori la tofali haliwezi. Ndani ya nyumba mchana kuna ubaridi, kwa sababu povu huzuia joto kuliko tofali au zege lolote. Na kwa eneo la matetemeko ukuta huu una sifa nzuri: kona, ukuta na sakafu ya juu hushikana kwa waya mmoja. Mtu anayetaka ghorofa moja juu, kwenye udongo wa wastani, afikirie paneli kwa makini.

Simenti? Plasta ya sentimita 3.5 kila upande ni mita za ujazo 7 kwa nyumba yetu, kama mifuko 50. Na hapo ndipo wizi unapoingia. Nguvu yote ya ukuta huu iko kwenye plasta. Fundi aliyezoea kupaka sentimita 1.5 kwenye tofali ataipaka hivyo hivyo kwenye paneli, waya utabaki karibu na uso, utapata kutu, na kinga ya moto itakuwa imepungua sana. Msimamizi wenu awe na msumari wa inchi 3 uliochorwa alama kwenye sentimita 3. Plasta ikiwa mbichi, ausukume katika sehemu kumi za kila ukuta. Unapofika kwenye povu unahisi mara moja, kwa sababu unateleza ghafla. Ukifika kabla ya alama, plasta inaongezwa siku hiyo hiyo. Kazi hii ni ya dakika ishirini.

Mengine ya kuangalia: mchwa hutoboa njia ndani ya povu, kwa hiyo msingi uwe na zege lisilo na mwanya na paneli isiguse udongo. Mabomba ya umeme na maji hupitishwa kabla ya plasta, kwa kuyeyusha njia kwenye povu. Akija mtu baada ya miaka miwili anataka soketi mpya, lazima akate plasta ngumu na waya. Na lori la paneli hujaa haraka likiwa bado jepesi, maana linabeba hewa. Bei ya usafiri iulizwe kwa lori, si kwa tani.

Zege la kumwagwa kwenye kalibu za alumini

Kuta na slabu za nyumba nzima hutengenezewa kalibu, nondo na mabomba yanawekwa, zege linamwagwa mara moja, na kesho yake kalibu zinahamia nyumba inayofuata. Kama kalibu zinatunzwa, hutumika zaidi ya mara 100. Ukuta unatoka laini, hauhitaji plasta ya maana. Kwa ukuta wa sentimita 10, nyumba yetu inakula mita za ujazo 10 za zege, kama mifuko 70.

Uchumi wake wote uko kwenye kurudia. Kalibu za nyumba moja zikigharimu kiasi fulani na zikatumika mara 10, kila nyumba inabeba sehemu ya kumi. Zikitumika mara 150, gharama hiyo karibu inatoweka. Kwa hiyo hii ni njia ya mamia ya nyumba zinazofanana kabisa, yenye mwekezaji aliyekopa na anayehesabu siku. SACCO ya nyumba 10 isijaribu, isipokuwa imepata mkandarasi ambaye kalibu zake zimeshalipwa na mradi mwingine na yuko tayari kujenga kwa mchoro huo huo, bila kusogeza hata dirisha.

Ukuta wa zege la sentimita 10 unapokea joto la jua la jioni na kulirudisha chumbani usiku. Kampala inavumilika. Gulu au Arua ningedai kivuli, veranda na dari nzuri kabla ya kutia saini.

Paneli kubwa za zege

Picha ya ujenzi wa kiwandani kwa watu wengi ni hii: ukuta mzima unatengenezwa kiwandani na kunyanyuliwa na kreni. Piga hesabu. Paneli ya mita 3 kwa 2.7, unene wa sentimita 15, ina uzito wa karibu tani 2.9. Sasa fikiria lori refu na kreni vikipita kwenye barabara ya murram iliyonyeshewa, katikati ya maduka na boda, kufika kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100. Kwa maeneo mengi ya nyumba nafuu Uganda, mjadala unaishia hapo.

Kuna pia suala la viungo. Tarehe 16 Mei 1968, jengo la Ronan Point huko London, lenye ghorofa 22 na lililokaliwa kwa miezi michache tu, lilipoteza kona yake nzima baada ya mlipuko wa gesi kwenye ghorofa ya 18. Watu wanne walikufa. Paneli zenyewe zilikuwa nzuri. Zilikuwa zimekaa moja juu ya nyingine bila kufungwa vya kutosha, ukuta mmoja ulipotoka zilizo juu zilikosa pa kushika. Sheria za Uingereza zilibadilishwa kwa ajili hiyo. Mtu anayewauzia paneli kubwa mwulizeni kuhusu kiungo kabla ya kumwuliza bei.

Lakini msitupe wazo zima. Sehemu ndogo za zege zinazobebwa kwa mikono zinafaa sana hapa. Mfano ni slabu ya boriti ndogo na bloku zenye matundu. Boriti ya sentimita 15 kwa 6, urefu mita 4, ina kilo kama 86, watu wanne wanaipandisha bila kreni. Bloku zinapangwa katikati, zege jembamba linamwagwa juu, na mbao za kushikilia zinapungua sana. Mpango wa kondominiamu wa Addis Ababa, ulioanza katikati ya miaka ya 2000, ulitumia mtindo huu na ukawapa kazi vikundi vingi vidogo vilivyotengeneza boriti na bloku. Uganda hatuanzi sifuri: maxpan, yaani bloku za udongo zenye matundu, za Uganda Clays, kampuni iliyoko Kajjansi tangu 1950, zimo kwenye slabu nyingi za Kampala. Kuongeza boriti iliyotengenezwa tayari ni hatua fupi, na naamini ndiyo hatua yenye faida kubwa kwa nyumba za ghorofa mbili na tatu.

Chuma chepesi

Fremu za chuma chembamba kilichopakwa zinki, zilizofungwa kwa skrubu na kuvikwa mbao za simenti. Ni haraka, ni nyepesi, haina kuni wala maji mengi, na karibu yote inategemea chuma na mbao zinazofuata bei ya dola. Bila sufi ya kuzuia joto ndani ya ukuta, nyumba ni tanuri mchana na ngoma mvua inaponyesha. Mahali pake hasa ni kwenye ardhi ambayo huna uhakika nayo. Mtu mwenye kibanja bila hati, au aliyekodi kiwanja kwa miaka michache, anaweza kuifungua na kuhama nayo. Hakuna njia nyingine hapa inayompa hilo.

Kwa jicho moja

Mifuko ya simenti hapa ni makadirio ya kuta tu, kwa ile nyumba ya mita 6 kwa 8.

| Njia | Simenti ya kuta | Kunyanyua | Kusubiri katikati | Idadi ya nyumba inayoanza kulipa |
|---|---|---|---|---|
| Tofali la kuchoma na plasta | mifuko 45 | mikono | vizuri | 1 |
| Kufungamana, bila plasta | mifuko 38 | mikono | vizuri ikifunikwa juu | 1 ukikodi mashine, 5 ukinunua |
| Povu na waya | mifuko 50 | mikono, mashine ya kurusha | vibaya kabla ya plasta | 5 hadi 10 |
| Kalibu za alumini | mifuko 70 | mikono, pampu ya zege | haiwezekani | mamia |
| Paneli kubwa za zege | mifuko 100 au zaidi | kreni | vibaya | mamia, penye barabara nzuri |
| Chuma chepesi | karibu hakuna | mikono | vibaya | 1 |

Mchoro unaokoa kuliko ukuta

Hili ndilo jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kama kuta ni robo ya gharama ya nyumba, na mtu akawapunguzia kuta kwa asilimia 30 kamili, mmeokoa asilimia 7.5 ya nyumba. Iliyobaki iko kwenye msingi, paa, milango, maji, umeme, choo na kiwanja chenyewe.

Angalia mchoro unavyofanya. Weka nyumba tano ndogo za mita 5 kwa 6 kwenye kiwanja cha futi 50 kwa 100. Zikisimama kila moja peke yake, kuta za nje zina jumla ya mita 110. Zikiunganishwa kwa safu na kugawana kuta, mnahitaji mita 86. Mmeokoa mita 24 za ukuta na msingi wake, zaidi ya asilimia 20, kabla hamjachagua tofali wala paneli. Ukuta wa pamoja upandishwe mpaka uguse mabati, ili moto na mazungumzo ya jirani visipite juu ya dari. Vyoo viwekwe mgongo kwa mgongo, nyumba mbili zitumie bomba moja la maji taka.

Vipimo navyo vifuate bidhaa. Kwa paneli za mita 1.2, chumba cha mita 3.6 kinachukua paneli tatu kamili; chumba cha mita 3.5 kinawafanya mkate na kutupa kila mara. Kwa matofali ya kufungamana, chora dirisha kwa hesabu ya tofali, fundi asipasue meno. Kazi hii inafanyika kwenye karatasi, na karatasi ni rahisi kuliko yote.

Mchoro huo hata hivyo lazima upite ofisini. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inataka kibali cha Kamati ya Majengo kabla ya kuanza, na njia mpya inaulizwa maswali mengi kuliko tofali. Mhandisi aliyesajiliwa alipwe mapema, atoe hesabu za mzigo wa njia mliyochagua. Kama ni ghorofa na kila mwanachama anataka hati ya sehemu yake, Sheria ya Kondominiamu ya 2001 ndiyo mlango, na inahitaji hati safi ya ardhi. Kibanja hakitoshi.

Ningechagua nini

SACCO ya nyumba 10 hadi 30, yenye kiwanja na udongo mwekundu mzuri, ikiwa wanachama wanachanga kila mwezi: matofali ya kufungamana, safu, bila plasta ya nje. Fedha inayolipwa kama ujira inabaki kwa vijana wenu wenyewe, na mashine inaendelea kukodishwa nyumba zikishakwisha.

SACCO hiyo hiyo ikiwa imekopa benki na muda unawabana: paneli za povu, kwa sharti kwamba mmepata mkandarasi mwenye mashine ya kurusha na msimamizi wenu mwenye ule msumari. Bila hivyo viwili, rudini kwenye tofali.

Mwenye vyumba vya kupangisha Kawempe au Namuwongo anayetaka kwenda juu ghorofa mbili: kolamu na boriti za zege, slabu ya boriti ndogo na maxpan, kuta za kujaza kwa tofali jepesi. Mjane mwenye kibanja, watoto na akiba ya mara kwa mara, mimi nisingempeleka kiwandani kabisa. Chumba kimoja kizuri cha matofali ya kufungamana chenye msingi uliochorewa vyumba vitatu, aongeze akipata. Mwekezaji wa nyumba 200 na kuendelea ana haki ya kuzungumzia kalibu za alumini, na serikali inayozungumzia upungufu wa nyumba zaidi ya milioni 2 ingefaa kumsikiliza kuhusu barabara na mabomba, kwa sababu hapo ndipo bei yake inaponaswa.

Yeyote mnayekaribia kumlipa, mwambieni awapeleke kwenye nyumba ambayo watu wameishi misimu kadhaa ya mvua. Ile ya maonyesho kando ya kiwanda haihesabiki. Pigeni magoti mtazame ukuta wa nje pale chini, upande mvua inakotokea. Tazameni kona za madirisha kama zina nyufa za mshazari. Kisha zungumzeni na mama mwenye nyumba muuzaji akiwa mbali, mumwulize usiku kukoje ndani, na alipotaka kuongeza soketi alimwita nani na akalipa kiasi gani.